Ua la ukutani kwenye pochi ya mkononi: uchambuzi wa kisa cha kipochi cha suzani

Kipochi chenyewe ni kidogo, upana sm 24 na kimo sm 16. Nje ni pamba nyeupe iliyofumwa kwa mkono, ndani bitana ya pamba, juu zipu ya chuma. Mbele kuna ua moja la duara lenye kipenyo cha sm 10, jekundu la aina mbili, limezungukwa na majani ya kijani na vikonyo vyeusi. Limedariziwa kwa hariri, na likipigwa na taa ya dukani linang'aa mpaka unatamani kulishika.

Likashikwa. Baada ya miezi minne ya kubanwa kwapani, kurushwa kwenye kiti cha gari na kufuliwa mara moja, kipochi kina kasoro nne. Wekundu umechuja na kuacha utando wa waridi kwenye weupe unaozunguka ua. Nyuzi za katikati ya ua zimeinuka, na tatu zimekatika kabisa. Kitambaa kimejikunyata pembeni mwa ua kama ngozi ya embe lililosinyaa. Na jani moja la juu limetafunwa na meno ya zipu.

Hiki si kipochi cha karakana fulani. Ni mfano uliojengwa kwa kasoro ambazo hupenda kutokea pamoja kwenye vitu vidogo vya darizi ya Kiuzbeki, ili kila moja ifuatwe mpaka kwenye chanzo chake. Tuseme mapema: mdarizi hakukosea mshono. Alishona bosma, mshono wa kulaza uzi juu ya kitambaa na kuubana, na aliishona vizuri. Kilichokosewa ni kuupeleka mshono wa ukutani kwenye kitu cha mkononi.

Mshono uliozoea ukuta

Suzani ni neno lenye mzizi wa Kiajemi, suzan, yaani sindano. Kwa Wauzbeki na Watajiki wa Bukhara, Samarkand, Nurata, Shahrisabz, Tashkent na bonde la Fergana, hilo ni jina la vitambaa vikubwa vya darizi ambavyo binti alikwenda navyo kwa mume. Mama, shangazi na jirani walishika sindano pamoja naye. Kitambaa, bo'z kwa Kiuzbeki au karbos kwa Kitajiki, kilifumwa kwenye mtambo mwembamba, kwa hiyo vipande vyenye upana wa sm 30 hivi viliunganishwa kwa bandi. Kisha akaja mchoraji, kalamkash, akachora maua juu ya kitambaa kizima kwa kalamu. Bandi zikafumuliwa, kila kipande kikaenda kwa mikono yake, na mwisho vikashonwa pamoja. Ndiyo maana kwenye suzani ya zamani utaona ua ambalo nusu mbili zake hazikutani sawasawa, au nusu moja ni nyekundu ya damu na nyingine ya tofali.

Wauzaji husimulia pia kwamba sehemu iliyoachwa bila kumalizwa ni kinga ya kijicho, au dua kwamba kazi ya nyumba hiyo isikome. Imani hiyo ina heshima yake kwenye suzani ya arusi. Kwenye pochi ya sm 24 iliyokatwa kutoka kipande kimoja cha kitambaa, jani lililoachwa wazi ni jani lililosahauliwa.

Suzani kubwa hufika mita 2.5 kwa 1.7. Ilitandikwa kwenye kitanda cha maharusi, ikatundikwa ukutani, na zile ndogo zikafunika mito au shubaka la matandiko, maana nyumba za huko zina mashubaka ukutani kama zidaka za Lamu. Nyingine, zardevor, ni ndefu na nyembamba, hupita juu kabisa ya ukuta karibu na dari. Kote huko kitambaa kilitazamwa zaidi ya kilivyoguswa.

Sasa tazama bosma inavyofanya kazi. Uzi unalazwa juu ya kitambaa kutoka ukingo mmoja wa petali hadi wa pili, bila kuchomwa katikati. Sindano ikifika ng'ambo inarudi njia ile ile na uzi ule ule, ikiubana uzi uliolala kwa vishono vifupi vya mshazari. Uzi wa pili unalazwa ukigusana na wa kwanza, unabanwa vilevile, na kuendelea. Vishono vya kubana vikipangwa kwa mpishano, safu hadi safu, vinatoa mistari ya mshazari kama ile ya kitambaa cha jinzi. Ndugu yake bosma ni kanda-khayol: vishono vyake vya kubana ni virefu na vimelala zaidi, hata jicho haliwezi kuvitenga na uzi wa chini.

Hariri ya kazi hii husokotwa kidogo sana. Nyuzi zake ndogo zikilala sambamba zinarudisha mwanga kwa pamoja, na huo ndio mng'ao. Lakini uzi usiosokotwa hunaswa na chochote: pete, kucha iliyokwaruka, kishikizo cha saa. Kwenye kipochi chetu petali ina upana wa sm 3 na vishono vya kubana vimeachana kwa mm 6. Kwa hiyo kila uzi uliolala una madaraja matano yaliyo wazi, na kila mara kipochi kikifunguliwa kidole gumba kinakatiza juu ya madaraja hayo. Nyuzi tatu zilizokatika zote ziko sm 5 chini ya zipu, upande wa kulia. Ni pale pale gumba linapokaa.

Mabibi wa Shahrisabz walishalijua hilo

Darizi ya Kiuzbeki haikuwa ya kutani peke yake. Kulikuwa na kofia, mikanda, vifuko vya chai (choy xalta), vifuko vya kioo (oyna xalta). Na kitu cha kushikwa kilikuwa na mshono wake.

Shahrisabz, mji wa mkoa wa Qashqadaryo, unajulikana kwa iroqi, mshono wa msalaba au nusu msalaba unaofunika kitambaa chote bila kuacha nafasi tupu. Kila kishono ni kifupi, mm 1.5 hadi 2, kimechomwa pande zote mbili. Hakuna daraja la kunasa. Kofia ya iroqi inaweza kukunjwa, kutiwa mfukoni na kutolewa tena ikiwa haina jeraha. Kasoro yake ni uzito na muda. Tutazihesabu saa zake hapa chini.

Yurma ni mshono wa mnyororo, kwa sindano ya kawaida au kwa sindano ya ndoano inayochomoa uzi kutoka chini. Mnyororo una kitanzi kinachoshikwa na kitanzi cha pili, kwa hiyo sehemu iliyo wazi haizidi urefu wa kitanzi kimoja, mm 2 au 3. Ukiupinda unafuata. Unajaza petali kwa kuzunguka kutoka ukingoni kuingia ndani, na mzunguko huo unalipa ua mwendo wake. Kwa pochi, yurma ndiyo njia ya kati: haraka kuliko iroqi, imara kuliko bosma.

Kuna funzo jingine kwenye kofia ya Chust, do'ppi nyeusi ya mkoa wa Namangan inayodariziwa kwa hariri nyeupe. Juu ina maumbo manne ya bodom, yaani lozi (wengine huyaita qalampir, pilipili), na kwenye ukingo wa chini kuna safu ya matao. Mvaa khanga angeliona umbo hilo angelisema korosho. Kinachotuhusu zaidi hapa ni ugumu wa kofia ile. Kati ya kitambaa cha nje na bitana hupigwa mishono sambamba iliyokaribiana, kisha ndani ya kila mfereji husukumwa pilta, kijiti laini cha karatasi au pamba iliyosokotwa. Mfereji ukijaa, kofia inasimama. Baadaye inatiwa uji wa gundi na kuvikwa kwenye qolip ipate umbo. Qolip ndiyo kalibu, neno lile lile, kazi ile ile. Aliyewahi kushona kofia ya viua Zanzibar au Lamu ataelewa mara moja: darizi inapumzika juu ya kitu kigumu, haibebi mkunjo peke yake.

Kipochi chetu hakikuwa na kitu chochote nyuma ya kitambaa isipokuwa bitana iliyoning'inia. Kila kilipojaa kilipinda hapo hapo kwenye ua, na hariri iliyolala ikapinda nacho. Hata kama lile gumba lisingekuwepo, nyuzi zingeinuka.

Wekundu uliochuja

Ua lilikuwa na wekundu wa aina mbili, mzito kwa nje na mwepesi kwa ndani. Ule mzito haukuchuja hata tone, ila mwepesi ndio ulioharibu weupe. Ukikuta hali hiyo, usiulaumu uzi wote. Maana yake ni vifungu viwili vya uzi vilivyotiwa rangi kwa njia mbili tofauti.

Rangi nyekundu ya zamani ya huko hutoka kwenye mizizi ya ro'yan, mmea unaoshika vizuri sana kwenye hariri iliyotiwa shabu. Manjano ilipatikana kwenye maua ya isparak, kahawia kwenye maganda ya jozi na komamanga, buluu kwenye nili. Kisha nusu ya pili ya karne ya 19 zikaja rangi za viwandani. Urusi iliitwaa Tashkent 1865 na Samarkand 1868, na bidhaa zake zikafuata njia hiyo hiyo, zikiwemo rangi za anilini: waridi kali, zambarau, chungwa. Zilikuwa rahisi na zilipendwa, lakini nyingi zilipauka juani na kukimbia majini. Suzani nyingi za mwisho wa karne hiyo zina ukungu wa waridi kuzunguka maua, kama huu wa kipochi. Rangi za viwandani za leo si mbaya kwa jumla. Zipo zinazoshika kuliko ro'yan. Kosa ni kutumia kifungu usichokipima.

Kipimo chenyewe hakigharimu kitu. Kata sm 10 ya kila rangi ya uzi. Zilaze juu ya kitambaa cheupe cha pamba, mbali mbali, na uzifunike kwa kipande kingine cheupe. Tumbukiza vyote kwenye maji ya nyuzi joto 40 yenye tone la sabuni ya vyombo kwa dakika 30, kisha kamua, weka kitu kizito juu, na uache vikauke vikiwa vimebanwa. Fungua utazame. Alama yoyote, hata ya kivuli, inatosha kuukataa uzi huo, au kuusuuza kifungu kizima kwenye maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke meupe na kisha kuupima tena. Wengi hukimbilia chumvi au siki. Siki husaidia kidogo baadhi ya rangi za hariri. Chumvi haigandishi rangi ambayo tayari imekataa kushika.

Anayetaka kutia ro'yan mwenyewe, kwa gramu 100 za hariri kavu, achukue gramu 10 hadi 12 za shabu. Ayeyushe shabu kwenye maji ya moto kidogo, aongeze maji mpaka hariri iogelee, aiache humo usiku kucha na kuigeuza mara mbili tatu. Mizizi iliyosagwa, gramu 50 kwa wekundu wa tofali na 100 kwa wekundu mzito, ilowekwe pia usiku kucha, ichujwe, kisha hariri iingie ikiwa bado imelowa. Moto upande polepole kwa saa moja na usivuke nyuzi 70. Hapa ndipo wengi huharibu: ukichemsha, mizizi hutoa ukahawia unaofunika wekundu, na hariri yenyewe hupoteza mng'ao. Iache ipoe ndani ya sufuria, isuuze, ioshe kwa sabuni laini, ipime kama uzi mwingine wowote. Hata rangi ya mmea huacha chembe ambazo hazikushika.

Kipochi kilichokwisha kuchuja kinaweza kuokolewa kama bado hakijakauka. Kiingize kwenye maji baridi mengi, badilisha maji kila baada ya dakika chache mpaka yasipokee rangi, kisha kikaushe kikiwa kimelala juu ya taulo, si kwa kuning'iniza, maana maji yakiteremka yanabeba rangi kwenda chini. Kikishakauka na doa, uwezekano ni mdogo. Na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie kabisa, kwa sababu klorini huila hariri mpaka inayeyuka.

Kujikunyata, na ile zipu

Kujikunyata kwa kitambaa ni kosa la siku ya kwanza. Pamba ya mkono haikufuliwa kabla ya kuchorwa. Pamba mbichi ya namna hii inaweza kupungua asilimia 3 hadi 5 inapofuliwa mara ya kwanza. Kwenye ua la sm 10, asilimia 5 ni mm 5. Darizi nzito haipungui pamoja nayo, kwa hiyo pamba ya pembeni inavutwa kuelekea ua na kutoa makunyanzi. Pasi hailiponyi hilo. Kitambaa kinatakiwa kifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, kikauke, kipigwe pasi, ndipo kichorwe. Kujua kama kimetulia, weka alama mbili zilizoachana kwa sm 50, fua, pima tena, na urudie mpaka umbali usibadilike.

Sababu ya pili ni fremu. Kitambaa kikikazwa kama ngoma kwenye duara la mbao na mdarizi akavuta uzi kwa nguvu ile ile, siku kikifunguliwa kitarudi kwenye ukubwa wake na uzi utabaki umekaza. Kikaze kiasi kwamba ukikibonyeza kwa kidole kinashuka kidogo, na ulegeze fremu kila ukiacha kazi usiku.

Kuhusu zipu, hakuna mengi. Darizi isikaribie meno kwa chini ya sm 1.5, na mishono ya pembeni kwa chini ya sm 2. Zipu ya plastiki yenye meno ya kuzunguka ni salama kuliko ya chuma. Jani lililotafunwa lilikuwa mm 6 tu kutoka kwenye meno, kwa sababu aliyechora alichora kwenye kitambaa kilichokwisha kukatwa na hakukumbuka kwamba sm 1 ya juu itamezwa na mshono.

Kukishona upya

Pochi ni ile ile, ua ni lile lile. Kinachobadilika ni mpangilio wa kazi.

Kitambaa kilichofuliwa kikatwe sm 40 kwa 32, kikubwa kuliko kinachohitajika, ili fremu ipate pa kushika na kingo zisichakae hadi kwenye kazi. Pochi ichorwe katikati kwa mistari miwili: wa nje sm 26 kwa 18 wa kukatia, wa ndani sm 24 kwa 16 wa kushonea. Ndani yake pigwe mstari wa tatu kwa bandi ya uzi wa rangi, sm 2 kutoka pembeni na chini, sm 1.5 kutoka juu. Ua halivuki mstari huo. Kuchora kwa kalamu ya wino unaofutika kwa joto la pasi kunarahisisha mambo, ila ujue kwamba wino huo unaweza kurudi kwenye baridi kali, kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa mzigo unaosafirishwa wakati wa majira ya baridi, penseli hafifu iliyofunikwa vizuri na uzi ni salama zaidi.

Petali za nje zijazwe kwa yurma, vitanzi vya mm 3, safu zikiachana kwa mm 2. Kila sentimita ya mraba itakula vitanzi 17 hivi. Ua la sm 10 lina eneo la karibu sm 78 za mraba, kwa hiyo ni vitanzi 1,300 na kitu. Kwa mwendo wa vitanzi 15 kwa dakika, ni saa moja na nusu ya sindano tupu, bila kuhesabu kubadilisha uzi. Uzi utakaotumika ni mita 16 takriban. Kwa hariri, chagua iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Kwa pamba ya kudarizi yenye nyuzi sita, tumia mbili kwa wakati mmoja; kifungu cha mita 8 kikigawanywa hivyo kinatoa mita 24, kinatosha na kubaki. Kata urefu wa sm 45, usizidi. Uzi mrefu unapita kwenye kitambaa mara nyingi na kupoteza manyoya yake kabla haujaisha.

Bosma isifukuzwe kabisa, maana bila mng'ao wake ua linapoa. Ibaki kwenye moyo wa ua tu, mahali pasipozidi mm 8 kutoka ukingo hadi ukingo, na vishono vya kubana kila mm 3. Daraja la mm 3 halinaswi na pete. Mwisho wa kila uzi usifungwe fundo, kwa sababu fundo litavimba chini ya pasi. Pitisha uzi chini ya vishono vitano sita vya nyuma, urudi juu ya kimoja, ukate. Mwisho wa mnyororo ushikwe kwa kishono kidogo kinachovuka kitanzi cha mwisho. Ukikisahau, mnyororo mzima utafumuka kwa kuvutwa mara moja.

Darizi ikikamilika, ipigwe pasi kwa nyuma, uso ukiwa juu ya taulo nene ili usilale. Kisha kitambaa cha kukazia chenye gundi kibandikwe nyuma kwa kipimo cha sm 24 kwa 16, kisiingie kwenye mshono. Gundi nayo inashika ncha za nyuzi. Juu yake lazwe tabaka jembamba la pamba iliyopigwa, na bitana ikae juu ya hayo yote. Hiyo ndiyo pilta ya pochi. Pembe za chini zikatwe mviringo wa nusu kipenyo cha sm 1.5, pembe kali ndizo hutoboka kwanza. Huko Uzbekistan ukingo hufunikwa kwa jiyak, utepe wa rangi unaozunguka kofia na pindo za nguo. Kwenye pochi jiyak ni zaidi ya pambo, kwa sababu ndiyo inayosuguana na dunia, na ikichakaa inang'olewa na kuwekwa nyingine bila kuigusa darizi.

Je, kama mteja anataka iroqi uso mzima? Hesabu yake ni hii: misalaba 6 kwa sentimita, 144 kwa upana, 96 kwa kimo, jumla 13,824. Kwa misalaba 10 kwa dakika, ni saa 23 kwa upande mmoja. Nusu msalaba hukata muda huo kwa karibu nusu. Anayekuuzia pochi ya iroqi ya mkono kwa bei ya chakula cha mchana, ama hakuishona kwa mkono ama kuna mtu hakulipwa.

Njia mbili za mkato

Ya kwanza ni kukata suzani kuukuu. Vitambaa vya mashine vya enzi ya Kisovieti, maua makubwa ya mnyororo juu ya satini ya pamba, hukatwa na kugeuzwa mabegi na viatu, na mengi yake ni mazuri kweli. Hatari iko kwenye mkasi: mnyororo wa uzi mmoja ukikatwa unafumuka. Kabla ya kukata, piga mistari miwili ya cherehani iliyoachana kwa mm 4, ukate nje yake. Pima kuchuja kwa pamba iliyolowa kwenye kila rangi, upande wa nyuma. Usikate suzani ya mkono ya karne ya 19, hata kama imetoboka. Kipande chenye matundu kina thamani kikiwa kizima kuliko pochi sita. Zaidi ya hayo, vitu vya kale havitoki Uzbekistan kiholela, na begi lililoshonwa kwa kitambaa hicho haliondoi swali hilo uwanja wa ndege.

Ya pili ni mashine ya kompyuta. Haina ubaya ikitajwa ilivyo. Kuitambua, geuza kazi: uzi wa chini wa mashine hiyo, mara nyingi mweupe, unaonekana katikati ya kila petali, na vishono vyote vina ukubwa sawa kama meno ya kitana. Kazi ya mkono kwa nyuma ina ncha zilizofichwa, vishono vinavyotofautiana kidogo, na mahali ambapo mdarizi alivuka kutoka jani moja hadi jingine kwa sababu uzi ulikuwa bado upo. Tatizo ni kwamba bitana huficha yote hayo. Wenye duka makini huacha sm 8 za bitana bila kushonwa, zimefungwa kwa kishikizo kidogo, mnunuzi atie vidole viwili na kuchungulia.

Kabla kipochi kipya hakijafungwa kwenye karatasi, kifungue na kukifunga mara 50 ukiwa umevaa pete, gumba likipita juu ya ua kila mara. Kisha kipangusie kitambaa cheupe kilicholowa, mara 10 juu ya wekundu. Kitambaa kikibaki cheupe na hakuna uzi ulioinuka, funga. Uzi mmoja ukiinuka, usiukate. Uvute kwenda nyuma kwa sindano isiyo na uzi, uubane kwa kishono kimoja, na uanze kuhesabu 50 upya.